Tupeane uzoefu: mpira ulikupa nini, nyumbani walisemaje, mtaani ulirudisha nini?

Mleta uzi: Wakuu, salaam. Jana kijiweni ubishi ulikuwa wa Mbwana Samatta, mshambuliaji wetu wa Taifa Stars, na njia aliyopita. Mbagala, African Lyon, Simba. 2011 Simba wanakutana na TP Mazembe ya Kongo, jamaa anawafunga, Mazembe wanamchukua mazima. 2015 ubingwa wa Afrika, na tuzo ya mchezaji bora kwa wanaocheza ndani ya bara. Halafu Genk, ubingwa wa Ubelgiji 2019, Aston Villa, bao Wembley dhidi ya Manchester City. Kinachonigusa mimi ni mawili yasiyosemwa sana: baba yake naye alicheza mpira, kwa hiyo sidhani kama kwao daluga zilifichwa, na zile mechi za hisani alizoandaa na Ali Kiba kuchangia elimu. Sie tusio na baba wa hivyo, ilikuwaje? Shusheni.

Beki mstaafu: Mzee wangu alikuwa mtu wa shule tu. Daluga nilizificha kwa mama muuza mihogo, nikitoka darasani nazipitia. Za mtumba, ya kulia imeachia soli, fundi kaipiga uzi wa nailoni hadi kidoleni. Mvua ikinyesha inakunywa tope. Nikachaguliwa timu ya mkoa ya UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari. Taarifa ikamfikia mzee, kimya. Usiku tunakula, akauliza: "Unacheza namba ngapi?" Tano. "Namba tano hapigi chenga golini kwake." Kumbe siku zote alikuwa anakuja, anasimama nyuma ya goli la mbali!

Mke wa winga: Nyie mnaongelea daluga, sisi tunaongelea kodi. Mume wangu alisajiliwa na timu moja, jina naliacha. Pesa ya usajili nusu, nusu nyingine "wiki ijayo" mpaka msimu ukaisha. Nyumba ilikula vitumbua vyangu. Goti lilipogeuka, klabuni hakuja hata mtu wa kutoa pole. Waliochanga ni wenzake wa ndondo. Sasa kila Jumamosi anafundisha watoto wa mtaa, bure, na mipira ananunua mwenyewe. Bure sina neno. Hiyo ya mipira bado tunagombana.

Mwana Mathare: Niko Nairobi. Huku kwetu kazi ya jamii ilikuwa ndani ya ligi yenyewe. MYSA, chama cha michezo cha vijana wa mtaa wa Mathare kilichoanza 1987, timu ikisafisha mtaa inapewa pointi kwenye msimamo. Mmefungwa? Shikeni koleo mzibue mtaro. Na si mchezo, matope ya Mathare yana harufu haitoki kwa jezi hata ukiiloweka usiku kucha. Mathare United ilizaliwa humo, Dennis Oliech, yule mshambuliaji wa Harambee Stars, akapitia hapo kabla ya Ulaya. Mamangu hakuwahi kuja uwanjani, mpira aliuona wa wahuni. Lakini siku ya usafi alitoka na chai ya timu nzima.

Beki mstaafu: Pointi za taka! Mkuu, huku timu yetu ingechukua ubingwa bila kugusa mpira.

Mleta uzi: Shemeji mke wa winga, msigombane. Hiyo mipira tuchange humu. Taja saizi.

Mke wa winga: Namba nne, shemeji, ni watoto wadogo. Na koni mkiweza. Ila mkimpelekea msiseme mimi ndiye niliyeomba.