Tupeane uzoefu: Uliwahi kuambiwa "wewe saini tu, mengine tutamalizana"?

Mkaguzi wa Zamani (mleta mada)

Wakuu, habari zenu.

Nimefanya kazi ya ukaguzi wa hesabu kwa miaka mingi. Fedha zikiliwa mahali, watu wote huuliza nani kala. Mimi naanzia kwingine: nani alisaini? Pesa ya ofisi, iwe ya umma au ya kampuni, haichotwi kwa mikono mitupu. Inatolewa kwa karatasi. Kuna aliyethibitisha kuwa mzigo umefika, kuna aliyeidhinisha malipo, kuna aliyesema hesabu zimekaa sawa. Wenye tamaa huwa wawili watatu. Waliosaini huwa wengi, na wengi wao hawakupata hata senti.

Mtazameni Betty Vinson, mhasibu wa ngazi ya kati wa WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani iliyoanguka mwaka 2002. Wakubwa wake walipomtaka aingize vitabuni takwimu za kupika, alishtuka hadi akaandika barua ya kuacha kazi. Wakambembeleza kwamba ni mara hii tu. Akabaki, na "mara hii tu" ikaja tena robo mwaka iliyofuata, na nyingine tena. Mkuu wa kampuni, Bernard Ebbers, alihukumiwa miaka 25. Vinson alikiri kosa na kufungwa miezi 5. Hakuwa mwizi kwa maana tunayoizoea. Alikuwa mtu aliyehitaji kazi yake.

Naomba tusitaje ofisi wala watu. Tuelezane tu uliombwa uthibitishe nini, uliambiwa maneno gani, na baadaye ilikuwaje.

Mtunza Stoo

Mkuu, umenigusa.

Kwetu ilikuwa mwisho wa mwaka wa fedha. Mzigo ulioagizwa haukufika hata nusu, lakini bosi alitaka hati ya kupokelea isomeke kuwa umefika wote. Hoja yake: "Tusipolipa leo, fungu linarudi. Mzigo uko njiani, na mzabuni tunamfahamu." Ukimsikiliza unaona kama anatetea maslahi ya ofisi, na hapo ndipo penye mtego. Hakuna anayekuja kukuambia "tuibe". Unaambiwa "tusipoteze bajeti".

Nilihesabu kilichopo, nikaandika idadi ileile, nikasaini. Sikugombezwa. Sikupewa barua ya onyo. Nilihamishiwa tu masijala, na stoo akawekwa kijana mgeni. Yule kijana alisaini mzigo wote. Wakaguzi walipokuja na kukuta pengo, bosi alijibu kwa utulivu kabisa kuwa yeye aliidhinisha malipo kwa kutegemea taarifa ya stoo. Kwenye karatasi alikuwa sahihi. Kijana alisimamishwa kazi, bosi akaendelea na vikao vyake.

Hadi leo naumia kwa ajili ya yule kijana. Hakuna aliyemwelekeza kwamba mstari ule mmoja ndio uliobeba mzigo wa wote.

Aliyewahi Kuwa Benki

Kwetu benki neno lilikuwa "malengo". Kila asubuhi mnasimama mbele ya meneja, unasomewa akaunti ulizotakiwa kufungua na ulizofungua. Asiyefikisha anatajwa mbele ya wenzake. Siku moja mwenzangu wa dirisha la jirani akaanza kuwaunganisha wateja na huduma ambazo hawakuziomba. Wazee wanaokuja kuchukua pensheni wanawekewa karatasi, wanaonyeshwa pa kuweka kidole, basi. Meneja aliona, na alichosema ni "hongera, endelea hivyo hivyo". Mimi niliondoka mwaka uliofuata.

Ndiyo maana habari za Wells Fargo ya Marekani hazikunishangaza. Wafanyakazi walisukumwa wauze huduma hadi nane kwa kila mteja, matokeo yake zikafunguliwa akaunti kwa mamilioni bila wenyewe kujua. Septemba 2016 benki ilipigwa faini ya dola milioni 185, na ikasema imefukuza wafanyakazi wapatao 5,300. Wengi wao walikuwa watu wa chini. Mkuu wake, John Stumpf, alijiuzulu mwezi uliofuata, lakini adhabu yake binafsi, faini ya dola milioni 17.5 na kuzuiwa maisha kufanya kazi ya benki, ilikuja mwaka 2020. Waliobanwa na malengo walienda mwanzo, aliyeyasimamia akangoja miaka.

Mama wa Watatu

Samahani wakuu, mnaongea vizuri, ila mwenye kodi ya nyumba na ada za watoto afanyeje? Ukikataa wewe, yupo mwingine nje ya mlango atasaini. Unabaki na usafi wako na njaa yako.

Mkaguzi wa Zamani

Dada, hoja yako ni ya kweli na siipuuzi. Ndiyo maana siamini dawa ya semina za maadili peke yake, zinazomtaka mdogo awe shujaa huku mkubwa akiachiwa pa kujificha. Baada ya kashfa za WorldCom na Enron, kampuni ya nishati iliyoanguka mwaka 2001 kwa hesabu za kupika, Marekani ilipitisha sheria ya Sarbanes-Oxley mwaka 2002. Mojawapo ya mambo yake ni kwamba mkurugenzi mkuu na mkuu wa fedha wanathibitisha taarifa za fedha kwa saini zao wenyewe, na anayethibitisha uongo kwa makusudi anaweza kufungwa hadi miaka 20. Haikumaliza wizi. Lakini ilimnyima mkubwa lile jibu la "mimi niliwategemea watu wangu". Yule bosi wa Mtunza Stoo angekuwa na kazi ya kujieleza.

Mjumbe wa Kamati

Mimi nilikuwa kamati ya zabuni. Zililetwa nukuu tatu za bei kutoka kampuni tatu. Zote tatu zilikosea neno lilelile, kwa herufi ileile, na jedwali limepangwa sawasawa. Nikauliza. Mwenyekiti akasema tusicheleweshe mradi, wananchi wanasubiri. Nikaomba hoja yangu iingie kwenye muhtasari. Muhtasari ulipoletwa, hoja haimo. Nikakataa kuusaini hadi irudishwe. Nilinuniwa wiki nzima, lakini iliporudishwa hakuna mjumbe mwingine aliyetaka jina lake likae chini ya muhtasari ule, na zabuni ikatangazwa upya. Bei iliyoshinda safari ya pili ilikuwa chini sana.

Mtoto wa Keshia

Naomba niongeze upande ambao haujaguswa. Mama yangu alikuwa keshia. Mfumo wa kompyuta ulionyesha upungufu, akaambiwa: umesaini kufunga siku, basi pungufu ni lako. Akakatwa mshahara hadi akastaafu. Hakuna aliyekagua mfumo.

Nilipofuatilia kashfa ya Posta ya Uingereza nilimwona mama yangu mle. Mfumo uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, ulikuwa ukionyesha upungufu usiokuwepo. Kati ya 1999 na 2015 wakuu wa vituo vya posta zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Wengine walilipa "upungufu" kutoka mifukoni mwao, wengine walifungwa, na wapo waliojiua. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Kwa hiyo tukisema "nani alisaini", tuulize pia nani alijua mfumo ni mbovu akanyamaza.

Mgeni Kazini

Shikamooni wakubwa. Mimi sina hadithi, nina tatizo. Nimeletewa karatasi ya mahudhurio ya semina ambayo haijafanyika, nisaini kama mshiriki. Wenzangu wote wameshasaini. Nimeambiwa posho yangu nitapewa, "ni utaratibu wa idara". Kesho asubuhi inatakiwa irudi. Nifanye nini?

Mtunza Stoo

Marahaba mdogo wangu. Usigombane na mtu. Mwambie aliyekuletea: "Sikuhudhuria, kwa hiyo siwezi kusaini. Kama nina nafasi semina ikifanyika, nitafurahi." Wenzako watakutazama vibaya siku chache. Na hiyo posho usiipokee, hata ikija kwa simu. Ikija, irudishe kwa maandishi.

Mkaguzi wa Zamani

Naongezea. Akisisitiza, mwombe akutumie maagizo hayo kwa barua pepe. Wengi huishia hapo. Na karatasi ikishakamilika, itafute uitazame, kwa sababu mtu akikataa kusaini mara nyingi kuna anayemsainia. Ukikuta jina lako lina saini isiyo yako, andika barua siku hiyohiyo kwa mkuu wa idara, nakala kwa mkaguzi wa ndani, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.