KWA BIBI MARANGU 🎄 (watu 23)

*Jumamosi, 14 Desemba*

Aneth, 08:12: Habari za asubuhi ukoo. Wakubwa shikamooni. Kama tulivyokubaliana, mwaka huu tunamfanyia Bibi nyumba ya biskuti za tangawizi, mfano wa nyumba yake kabisa: baraza, mlango wa kijani, mgomba pembeni. Naoka huku Dar, tunaiunganisha Marangu tarehe 24 jioni.

Aneth, 08:14: Mahitaji: unga, siagi, tangawizi ya unga, mdalasini, karafuu, molasi, mayai trei moja, sukari ya unga kilo 2, pipi za rangi. Nani analeta nini?

Gody, 08:40: Tulikubaliana lini?

Aneth, 08:41: Siku ya arobaini ya Anko. Ulikuwa umekaa karibu na sufuria la pilau.

Gody, 08:41: Basi hapo sikusikia kitu 😂

Mama Mdogo Eliaichi, 09:30: Jumamosi njema yenye baraka 🌹🙏🌹

Aneth, 09:31: Amina Mama Mdogo. Na mchango je?

Aneth, 11:55: Waliosoma 19, hakuna aliyejibu. Haya.

Upendo (Ujerumani), 13:15: Huku Stuttgart hii kitu iko kila duka, hata vipande vilivyookwa tayari vinauzwa. Lebkuchenhaus. Wanaihusisha na ile hadithi ya ndugu Grimm ya 1812, ingawa kitabuni nyumba ni ya mkate, paa la keki, madirisha sukari.

Joshua, 13:17: Si ile ya bibi kizee mchawi anayenenepesha mtoto amle? Ndiyo tunampelekea Bibi HIYO? 😂😂😂

Gody, 13:18: Mtoto wa nani anatangulia kwenye oveni

Joshua, 13:18: Wa Aneth. Wazo ni la mama yake

Aneth, 13:25: Endeleeni kucheka, tiketi za basi zinaisha. Upendo, molasi naipata wapi?

Joshua, 13:26: TPC, kiwandani kwa sukari. Ng'ombe wa Baba Mkubwa wanaila kila siku, muulize kama watakugawia

Upendo (Ujerumani), 13:40: 🤣 Weka sukari guru. Iyeyushe na siagi kwa moto mdogo, isichemke, ndipo uweke unga. Donge likae kwenye friji saa nzima. Sukuma unene wa nusu sentimita, oveni 180, dakika 12 hivi. Sasa sikia: ikitoka tu, ingali laini, rudisha kipimo chako juu ukate kingo upya, maana inavimba. Ikishapoa ukiigusa na kisu inapasuka.

Aneth, 13:42: Kipimo nimekata kwa boksi la viatu.

*Jumapili, 15 Desemba*

Aneth, 07:05: [Picha] Huu ni ukuta wa mbele. Jana saa nne usiku ulikuwa mkavu, unagonga kama kigae. Niliuacha mezani. Amkeni muuone.

Joshua, 07:20: Umeinama kama unamwamkia mkwe

Gody, 07:21: Unauliza nauli ni bei gani

Upendo (Ujerumani), 09:10: Hukuufunika. Kwa unyevu wa Dar biskuti inanyonya usiku kucha. Rudisha ovenini dakika chache ukauke, upoe kabisa, kisha kwenye kopo linalofunga. Na usiunganishe huko! Vipande visafiri vimelala.

Aneth, 09:12: Hilo nimewaza. Konda akikurushia boksi kwenye buti unafika na makombo. Nitapakata. Nani ana oveni upande wa Moshi, vikilegea njiani nivikaushe tena?

Aneth, 10:30: Oveni? Jamani?

Upendo (Ujerumani), 10:48: Gundi ni ute wa yai, sukari ya unga na limau kidogo. Piga mpaka ukiinua mwiko ncha inasimama. Kuta kwanza, zishikize na makopo ya maziwa, uziache saa kadhaa. Ukiwahi paa linateleza lote.

Mama Mdogo Eliaichi, 12:50: Ute wa yai bichi? Happy ni mjamzito, na Bibi kwa umri ule!

Upendo (Ujerumani), 12:58: Kweli Mama Mdogo. Nyumba iwe ya kuangalia. Biskuti za kula zitengwe, zisipakwe kitu.

Joshua, 13:00: Nyumba ya kuangalia. Kama ile ya Gody ya Kibaha

Aneth, 13:06: Joshua acha. Mpaka sasa amechangia Mama Mdogo peke yake. Mtumieni Gody, yeye ndiye anashika hela.

Shangazi Anna, 13:30: Gody tena?

Gody, 13:32: Shikamoo Shangazi. Kwani kuna nini?

Shangazi Anna, 13:37: Marahaba. Za 2019 alishika nani?

Gody, 13:39: Risiti zilitumwa humu humu.

Shangazi Anna, 13:44: Zilitumwa picha za mabati.

Gody, 13:45: Bei ilipanda Shangazi, na fundi naye mnamjua. Nyumba kubwa si imeezekwa?

Shangazi Anna, 13:51: Nyumba kubwa.

Joshua, 13:52: 🚫 *Ujumbe huu umefutwa*

Happy, 14:15: Za madirisha nilete pipi za rangi gani? Nimeona zinasagwa, zinamwagwa kwenye tundu la dirisha, zikiingia ovenini zinayeyuka zinakuwa kioo kabisa 😍

Aneth, 14:16: Njano, ionekane taa imewashwa. Asante Happy.

Baba Mkubwa, 20:47: Nimesoma yote. Juzi mama alinipigia nimpelekee turubai la jikoni, la zamani limechanika na mvua inamnyeshea kwenye mafiga. Hiyo nyumba yenu kama ni mfano wa yake, msisahau jiko la nje. Mtaliezeka kwa kitu gani, mnajua wenyewe.

Aneth, 21:58: Tumesikia Baba Mkubwa.

Mama Mdogo Eliaichi, 22:03: 🙏

Gody, 22:31: Baba Mkubwa shikamoo. Nitakupigia kesho.

*Jumatatu, 16 Desemba*

Aneth, 06:40: Jiko la nje linakula bati ngapi?

Joshua, 06:52: La biskuti au la kweli?

Aneth, 06:52: Yote mawili.

Shangazi Anna, 07:15: La kweli kumi na mbili. Nilihesabu 2019.

Aneth, 07:20: Sawa. Jioni nasukuma ukuta mwingine na paa la jiko. Joshua sukari ya unga, Happy pipi. Mayai tutanunua huko huko. Za bati watu waseme wanampa nani, mimi siingii. Na tiketi ya tarehe 23 nimepata yangu tu.

Joshua, 07:41: Sukari ya unga ndiyo ipi, ile ya kwenye keki?

Upendo (Ujerumani), 09:02: Bati moja sasa hivi ni shilingi ngapi?

Anko Wilson, 13:20: Habarini, nimeona meseji sasa hivi. Oveni ninayo hapa Moshi, ya gesi. Ila mtungi umeisha.