Zawadi ya Morse kwa mama: shanga, kibati cha fedha au pete?

Mwana_Pangani
Wakuu, salaam. Mama yangu anastaafu ualimu mwezi ujao. Nataka kumpa pambo lenye maneno NAKUPENDA MAMA kwa Morse, ile alfabeti ya nukta na vistari. Nimeona aina tatu: bangili ya shanga (ya duara ni nukta, ndefu ni kistari), kidani chenye kibati cha fedha kilichochongwa, na pete. Bajeti yangu ya kawaida tu, ila sitaki kitu cha kuchujuka baada ya wiki mbili. Mngechukua ipi?

FundiFedha
Mkuu, pete iache, chukua kidani, ila maneno yapunguze. Kwenye Morse kistari kina urefu wa nukta tatu. Ndani ya herufi unaacha nafasi ya nukta moja, kati ya herufi na herufi tatu, kati ya neno na neno saba. Piga hesabu: maneno yako yanakula nafasi ya nukta 119. Kwenye kibati cha milimita 35, nukta haifiki hata theluthi ya milimita. Utaona mikwaruzo tu. MAMA peke yake ni 33, kila nukta inapata milimita nzima, hata mkono unachonga bila leza.

Fedha iwe 925, yaani sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha tupu. Itaingia weusi kidogo kadiri inavyokaa, lakini ukiisugua kwa kitambaa laini inarudi. Shaba ya kuchovya dhahabu ikichujuka ndiyo basi.

BiShanga
Fundi anavutia kwake 😀
NAKUPENDA ni nukta 12 na vistari 10. Duara za milimita 3, ndefu za milimita 6, na kishanga cha milimita 2 kila baada ya herufi: jumla sentimita 11 na ushee. Mkono wa mtu mzima unaimeza yote na nafasi ya cheni inabaki. Na rangi unachagua.
Ila mwanangu, usitungie mpira. Ukikatika sokoni, mapenzi yote yako chini ya meza ya nyanya. Tafuta waya mwembamba uliovishwa nailoni.

Chausiku_K
Jamani, si umnunulie kanga yenye maneno mazuri? Kila mtu anasoma.

Mwana_Pangani
Dada Chausiku, kanga siku hiyo atapewa doti mpaka achoke. Hii nataka tuisome sisi wawili tu.

73_de_Tanga
Nilikuwa mtu wa redio melini, kabla Morse haijaondolewa rasmi kwenye mfumo wa usalama wa baharini tarehe 1 Februari 1999. Wote mmepita juu juu kwenye nafasi, na nafasi ndiyo kila kitu. MAMA ni hivi:

-- .- -- .-

Fundi akibana, ikawa --.---.- mimi nasoma QQ.

La pili, bangili haina mwanzo. Mama akiivaa kinyume, NAKUPENDA inasomeka NUAEPDKNA. Weka shanga moja ya rangi tofauti mwanzoni. Ukitaka fupi kabisa, sisi tulifunga mazungumzo kwa 73, yaani salamu njema, na mke nyumbani tulimpa 88, mapenzi na busu. 73 ni --... ...-- na ukiigeuza inabaki 73. Kwa mama lakini naona ni kavu mno.

Mwana_Pangani
Shikamoo mzee wangu, hiyo ya QQ sikuijua kabisa. Mama bado analima na kufua kwa mkono, bangili itateseka. Nachukua kidani, MAMA peke yake.

BiShanga
Sawa, sijanuna. Ila mwambie fundi akuchoree kwanza kwenye karatasi, ulinganishe na alivyoandika mzee hapo juu kabla hajagusa fedha. Shanga nikikosea nafumua, kibati je? Na huo mwanzo mama atautambuaje?

FundiFedha
Mwanzo ni rahisi: fundi atoboe tundu moja tu, juu, kibati kining'inie wima. Kinasomwa kutoka kwenye tundu kushuka. Vile vya kufungwa cheni pande zote mbili ndivyo vinavyogeuka.