Yule mtangazaji wa zilipendwa kasema Arthur Alexander KAWAIGA Beatles!

Kinanda cha Mtaani (mleta mada):
Wakuu, salamu baadaye. Yule bwana wa Jumapili usiku, mnamjua, mwenye kicheko kirefu kuliko taarifa ya habari, kapiga "Anna" sasa hivi. Ile yenyewe, ya Arthur Alexander. Kaongea juu ya piano tangu mwanzo, wimbo ukamwishia mdomoni, kisha akatamka: "Kijana kajitahidi kuwaiga Beatles."

Kuwaiga!

Arthur aliitoa "Anna" mwaka 1962. Beatles waliirekodi London tarehe 11 Februari 1963. Na kile kipande cha piano alichokifunika kwa maneno ndicho George Harrison, mpiga gitaa wa Beatles, alichokihamishia kwenye gitaa. Ushahidi unalia masikioni mwake, yeye anaupigia kelele! Ni sawa na kumpongeza babu kwa kufanana na mjukuu.

Arthur ni mzaliwa wa Sheffield, Alabama, 1940. Kule kuna miji minne iliyobanana kwenye mto Tennessee: Florence ng'ambo ya kaskazini, halafu kusini Sheffield, Tuscumbia na Muscle Shoals. "You Better Move On" aliirekodi 1961 kwenye ghala la zamani la tumbaku, mtayarishaji Rick Hall akisimamia, na pesa ya wimbo ule ndiyo iliyojenga studio ya FAME pale barabara ya East Avalon, Muscle Shoals. Wilson Pickett, Aretha Franklin, Etta James, wote waliingia kurekodi kwenye nyumba iliyosimamishwa na wimbo wa Arthur. Rolling Stones wakaurudia huo huo. Bob Dylan akarudia "Sally Sue Brown". Watunzi waliorudiwa na Beatles, Rolling Stones na Dylan wote ni wa kuhesabu! Na mtu huyo akaja kuwa dereva wa basi Cleveland, akarudi na albamu 1993, mwezi Juni mwaka huo huo akafariki Nashville.

Leo anaambiwa kajitahidi kuwaiga. Redio ilitakiwa ijizime yenyewe kwa aibu.

SahaniSaba:
Mkuu nakuunga mkono asilimia mia. Kwangu hata hilo la kuwaiga linafuata, kosa la kwanza ni kuongea juu ya piano. Wimbo hauna hata dakika tatu. Ukiongea sekunde kumi na tano za mwanzo umeshaula.

Besi ya Chini:
Kosa lake linajulikana linakotoka. Hawa hawashiki santuri tena, wanasoma kioo. Kwenye kioo, mwaka unaoonekana mara nyingi ni wa mkusanyiko, si wa wimbo. Faili limetoka kwenye mkusanyiko wa miaka ya tisini, yeye anaona tisini na kitu, anajua Beatles ni sitini na tatu, anapiga hesabu, anafungua mdomo.

Dawa yake ni dakika mbili. Ingia kwenye hifadhidata ya BMI, shirika la Marekani la haki za watunzi, tafuta kwa jina la wimbo PAMOJA na la mtunzi. Ukiandika "Anna" peke yake utamwagiwa Anna wa dunia nzima, kwa hiyo ongeza "Go to Him". Mwenye santuri hahitaji hata hilo: jina la mtunzi liko kwenye lebo, chini ya jina la wimbo, ndani ya mabano. Mwimbaji ni mstari mwingine. Wengi wanachanganya hiyo mistari miwili.

Mzee Kipaza:
Mleta mada kunywa maji kwanza. Umetupa hadi jina la barabara, umebakiza namba ya mlango.

Kinanda cha Mtaani:
Namba ni 603. Na bado kasema KUWAIGA.

Leighton Yetu:
Mimi naona mnalilia aliye na nafuu. Kila redio ikipiga "When a Man Loves a Woman" inasema "utunzi wake Percy Sledge". Lebo inasema Calvin Lewis na Andrew Wright, mpiga besi na mpiga kinanda wa bendi ambayo Sledge alikuwa akiimba nayo. Tena wanasema ilirekodiwa FAME. Si kweli! Ilirekodiwa Norala, studio ya Quin Ivy, mjini Sheffield, 1966. Kinanda ni cha umeme, aina ya Farfisa, mpigaji Spooner Oldham. Dramu Roger Hawkins, besi Junior Lowe, gitaa Marlin Greene. Hao nani anawataja?

Besi ya Chini:
Sledge mwenyewe alisema melodia ilikuwa yake na haki zote aliwaachia wenzake. Usimkate moja kwa moja.

Leighton Yetu:
Alichoachia ndicho kilicholipwa mrabaha miaka yote hiyo. Lebo ndiyo inayosomwa, mkuu.

Mama Zilipendwa:
Mko Alabama huko, na "Malaika" je? Fadhili William, Adam Salim, kila mmoja na watu wake, na redio zetu zinapiga bila kutaja hata mmoja wao. Anzeni nyumbani.

SahaniSaba:
Dada usiifungue "Malaika" humu, hatutalala.

Mzee Kipaza:
Wanaoniudhi mimi ni wauzaji wa mikusanyiko. Percy Sledge alizirudia nyimbo zake studio miaka ya baadaye, na hizo ndizo zinazojazwa kwenye mikusanyiko ya bei chee. Namna ya kuzijua: tafuta maandishi madogo nyuma ya jalada, yale ya kusema msanii kairekodi upya. Yasipokuwepo, sikiliza tarumbeta. Kwenye ile ya 1966 zimepotoka sauti kidogo kuelekea mwishoni. Ukizisikia zimenyooka kabisa na kinanda kinang'aa kama cha kwaya ya juzi, umeuziwa marudio.

Kinanda cha Mtaani:
Sawa, lakini turudi kwa yule aliyesema kuwai...

Sindano Mpya:
Samahani, naingilia. Nimeuziwa sahani ya 45 (ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika) iliyokuwa ya kituo cha redio Marekani. Inakwaruza sekunde za mwanzo tu, katikati safi. Sindano mbovu?

SahaniSaba:
Sindano haina kosa. Watangazaji walikuwa wakiirudisha sahani nyuma kwa mkono ili wimbo uanze bila kuchelewa. Sahani nyingi za 45 za kule ni za stireni, aina ya plastiki, ngumu na nyepesi, na kule kurudisha kunachimba mifereji ya mwanzo. Haitibiki. Kuosha kunatoa vumbi tu, na usitumie spiriti, stireni inaweza kuharibika: maji yaliyochujwa na tone la sabuni, kitambaa laini, usiloweshe lebo.

Sindano Mpya:
Na uzito wa mkono, ule unaokandamiza sindano?

SahaniSaba:
Ule ulioandikwa na mtengenezaji wa kichwa kinachoshika sindano. Ukipunguza sana sindano inarukaruka kwenye mfereji, na stireni huchakaa kwa hilo kuliko kwa uzito. Sahani ni ya mono? Chukua sindano yenye ncha ya duara, siyo yenye ncha ya umbo la yai.