Muvi za sayansi ya kubuni: Dunia imekufa, muuaji hatajwi!

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Kila ikitoka muvi kubwa ya wakati ujao tunaambiwa ina "ujumbe wa mazingira". Unakaa kuangalia, unakuta ardhi imeshakauka, bahari imeshakufa, watu wamevaa barakoa. Nani kafanya hivyo? Kimya. "Binadamu." Basi, imeisha hiyo, tunarukia vyombo vya anga.

Chukueni Interstellar ya 2014, ambayo wengi wanaiheshimu kuliko zote. Mwanzo wake umetengenezwa vizuri mno, ndiyo maana inaniuma. Sahani zinapangwa mezani zikiwa zimefudikizwa ili zisijae vumbi kabla ya kupakua chakula. Ngano ilishakwisha, bamia nazo ndiyo mavuno ya mwisho, yamebaki mahindi. Na wale wazee wanaosimulia habari za vumbi, wengi wao si waigizaji. Ni manusura halisi wa tufani za vumbi za Marekani za miaka ya 1930, mahojiano yao yametolewa kwenye filamu ya kumbukumbu ya Ken Burns.

Sasa sikilizeni. Chanzo cha vumbi lile kinajulikana! Nyasi za asili za nyanda zile zilifumuliwa kwa plau ili ilimwe ngano ya biashara. Ukame ulipoingia hapakuwa na mizizi ya kushika udongo, ukapeperuka. Muvi imechukua ushahidi wa wazee wale, sababu ikaitupa. Badala yake tunapewa ugonjwa wa mimea uliotoka kusikojulikana, hauna mwenyewe, hauna wa kuulizwa. Funika kombe mwanaharamu apite. Halafu tangazo la muvi linatuambia binadamu alizaliwa Duniani ila hakuandikiwa kufia hapa, na sisi tunatakiwa tusisimke.

Avatar ya 2009 angalau ina kampuni ya madini, unaiona inachimba na kuua. Lakini iko Pandora, mwezi wa kubuni wa mbali huko angani. Dunia yetu inapewa maneno machache kwamba kijani hakipo tena, kisha tunalizwa kwa mti wa huko. The Day After Tomorrow ya 2004 inataja joto na wanasiasa waliopuuza, halafu inaharibu kwa kugandisha nusu ya dunia ndani ya siku chache, wakati wanasayansi wanaohofia kudhoofika kwa mkondo wa bahari ya Atlantiki, unaopeleka joto kaskazini, wanazungumzia miongo. Mtu aliyezoeshwa kwamba janga ni wimbi linaloifunika New York hatalitambua linalokuja taratibu.

Na msiniambie haiwezekani kufanya vinginevyo. Soylent Green ya 1973 ilishataja kwa mdomo hewa inayonasa joto, mwaka mzima jua kali. Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya 2009, haifiki hata nusu saa. Ndani yake watu wanazalisha umeme kwa miili yao, na jasho na mkojo vinasafishwa vinywewe tena. Mhusika mkuu, Asha, akipata udongo wenye uhai hatafuti sayari ya kuhamia. Anatoka nje kwenda kupanda.

Najua kuna atakayekuja na "ni burudani tu mkuu". Godzilla wa kwanza, muvi ya Kijapani ya mnyama mkubwa anayebomoa mji, ni burudani pia. Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye visiwa vya Bikini, bahari ya Pasifiki, majivu yakawaangukia wavuvi wa Kijapani wa meli ya Daigo Fukuryu Maru. Novemba mwaka huohuo muvi iko kwenye majumba ya sinema, inaanza na meli inayoteketea katika mwanga mkali, na mwanasayansi anatamka wazi kuwa majaribio ya mabomu ya haidrojeni ndiyo yaliyomtoa mnyama yule. Na Japani ni nchi iliyokuwa chini ya jeshi la Marekani hadi miaka miwili tu kabla. Hawa wa leo wana mamia ya mamilioni ya dola, na kutamka makaa ya mawe na mafuta kunawashinda. Wanamwogopa nani?