Jina moja limejirudia visa vitatu, wachezaji wamening'ang'ania. Nifanyeje?

Mkunazi_Mkavu
Wakuu, heshima kwenu. Kwenye kundi letu la Dungeons & Dragons (D&D), mchezo wa mezani wa kutunga hadithi kwa dadu, mwendesha mchezo ni mimi, yaani nasimulia na kuigiza kila mtu wanayekutana naye, wachezaji wanne, kila Jumamosi jioni. Tatizo langu linaitwa Bi Saluma.

Kisa cha kwanza, mmoja kaniuliza ghafla mwenye nyumba ya wageni anaitwa nani. Sikuwa nimeandaa. Nikatamka lililokuja mdomoni: Bi Saluma, kilemba cha kijani, jicho moja bovu. Kisa cha pili, mji mwingine, nikabanwa vilevile na ulimi ukateleza palepale. Juzi tumeanza cha tatu, miaka 300 mbele. Muuza mishumaa sokoni. Nafungua mdomo: "Saluma." Meza nzima kimya. Mmoja akaweka dadu chini, akafunua daftari lake hadi kurasa za mwaka jana, akanisomea: "Jicho moja bovu?"

Masaa mawili mazima hawakutoka sokoni! Pango nililolichora wiki nzima halijaguswa. Mmoja anasema ni mzuka, mwingine ni joka limejigeuza mtu. Nikiri kwamba ni uvivu wangu, au nimfanye kweli awe mtu mmoja?

Bwana_Dadu
Mkuu, usithubutu kukiri. Chukua maadui wa vitabu vya mchezo huu: Acererak alikuwa kwenye kaburi lake mwaka 1978, akarudishwa 2017. Strahd katoka 1983, akaja tena 2016. Watu wanapenda adui wanayemjua. Mfanye asiyekufa, kazi imekwisha.

Nahodha_wa_Pili
Hapana bwana. Acererak ni mchawi aliyekataa kufa, Strahd ni mnyonya damu, kwa hiyo kudumu kwao kuna sababu ndani ya hadithi. Muuza mishumaa anayo ipi? Na ukishafanya hivyo, kila jina utakalotaja watalipekua. Afadhali Xanathar, mkuu wa genge kwenye mji wa Waterdeep humohumo D&D: jina hilo limekuwa kama cheo. Dubwana la macho mengi linalopindua na kushika genge linarithi na jina.

Mama_Visa
Nyie mnahangaika na madubwana wakati neno *wajina* mnalo nyumbani. Kwetu kuna Mwanaisha watatu, bibi, shangazi na mdogo wangu, na ukiita uani wanaitika wote. Hakuna aliyewahi kudhani ni mzuka. Weka ukoo: kila mjukuu wa kike wa kwanza ni somo wa bibi yake, na kilemba anarithishwa. Jicho ndilo litakalokusumbua, mwanangu.

kijana_wa_koni
Mbona michezo ya video ya Final Fantasy wanaye Cid tangu 1988, kila mchezo Cid mwingine, na hakuna anayeuliza ukoo? Ukimsikia tu unajua chombo cha kuruka hakiko mbali.

Nahodha_wa_Pili
@kijana_wa_koni wale wamezoeshwa. Hawa wa kwake wana daftari.

Peni_Nyekundu
Mimi nazungumzia kesho. Andika majina 20 kwenye kadi, ukitumia moja likate. Yakiisha, vuruga ya watu unaowajua, waanzilishi wa D&D walifanya hivyohivyo kwa wachawi wao. Drawmij ni jina la mchezaji wao Jim Ward lililosomwa kinyumenyume. Tenser ni herufi za Ernest, mtoto wa Gygax, mmoja wa waanzilishi hao. Melf nasikia ni "M" na "Elf" tu kwenye karatasi ya mchezaji, mwanamume wa kabila la elfi. Uvivu haukuanza na wewe.

Mkunazi_Mkavu
MREJESHO: jana nimetumia wajina wa Mama_Visa. Bibi, mjukuu, kitukuu, kilemba kilekile, wakakubali bila ubishi. Halafu yule wa daftari akauliza jicho. Nikameza mate. Kabla sijajibu, mwenzake akadakia: "Ni deni! Kila Saluma analipa jicho moja kwa kitu kilichomo pangoni."

Wallahi sikuwa nimewaza hilo. Nikaandika haraka nyuma ya karatasi, nikatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa analijua tangu zamani. Saa tatu usiku wakaingia pangoni wenyewe, mbio.

Sasa naomba jina la huyo aliyemo pangoni. Jumamosi si mbali.

Bwana_Dadu
Saluma.