Namba ya nyumba ipo ukutani lakini gari la dharura linapitiliza, wenzangu wa vijijini mnafanyaje?

Kijana wa Migombani:
Wakuu heshima kwenu. Kwetu ni Rungwe mkoani Mbeya, vijiji vya huko juu ambako migomba imemeza nyumba zote, ukipita barabarani unaona bati mojamoja tu. Ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022 kabla ya sensa na sisi walitufikia, barabara ikapewa jina, nyumba ikapewa namba, ikapigwa rangi ukutani pembeni ya mlango. Sasa nyumba ya wazazi iko ndani, toka barabara ya kijiji unaingia kinjia kinapita kwanza kwa jirani halafu kinachepuka kushoto. Juzi kati mama mdogo kazidiwa usiku, mvua inanyesha, gari likaja likapitiliza mpaka likaenda kugeuzia shuleni, dereva anapiga "mko wapi" shangazi anajibu "si hapahapa kwenye mparachichi mkubwa", na mparachichi huku nani hana. Hospitali walifika na anaendelea vizuri, ila najiuliza namba tunayo, postikodi tunayo, na bado mtu anapotea mita chache toka mlangoni. Kitu gani cha bei ya kawaida nifanye ili dereva asiyetujua atuone usiku? Na ile namba ruksa kuiandika sehemu nyingine nje ya ukuta?

kibajaji_moto:
Mkuu hizo namba zilikuwa za sensa, zishapita. Kijijini unaulizia kwa mzee fulani boda yeyote anakufikisha mpaka mlangoni, hiyo GPS ya kienyeji haijawahi kukosea 😂

Suka wa Kata:
@kibajaji_moto hiyo boda saa nane usiku mvua inapiga unaitoa wapi, na huyo wa kumuulizia kwa mzee fulani kalala.

Mimi ni dereva wa jamii kwenye m-mama, ile ya 115, kwa wasioijua ni usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na vichanga, kupiga ni bure. Ngoja niwaambie upande wetu ulivyo. Anayepokea simu hayupo kijijini kwenu, anakaa mkoani, anauliza mgonjwa yukoje, anaangalia kama kuna ambulansi karibu, kama haipo ndo anatutafuta sisi wenye magari yetu tuliosajiliwa. Mpaka inanifikia mimi ninachoshika ni jina la kijiji na simu ya ndugu. Sasa ndugu naye kachanganyikiwa, anakwambia "ukifika kwa mama nanihii kata kulia" na huyo mama nanihii mimi simjui, halafu kulia kwa anayetoka wapi? Mtu anayeishi hapo anaelekeza kama anavyotoka kwake yeye, mimi naingia natokea upande wa pili, kulia kwake ni kushoto kwangu. Hapo ndo watu wanapitiliza.

Kwa hiyo mkuu namba ya ukutani acha hapohapo, lakini gari haliendeshwi ukutani, linaendeshwa barabarani. Weka kibao pale kinjia kinapoachana na barabara, na kingine pale kinapochepuka kwa jirani, kile cha pili watu wengi wanakisahau na ndicho kinachoua, maana ukishaingia kwa jirani unajua umefika, unapiga honi, mbwa wanatoka, dakika zinaenda. Kibao kisomeke pande zote mbili kwa sababu hujui gari linatokea wapi. Na usikibandike sambamba na barabara kama tangazo la soda, kigeuze kimtazame dereva anayekuja, taa za gari zikipiga zikutane nacho uso kwa uso.

Bibi wa Parachichi:
Suka umenena. Niongezee kwamba kibao kiwe juu kidogo, usawa wa kiuno au kifua cha mtu mzima, maana huku kwetu majani yakishapata mvua kitu kilichochomekwa chini hukioni tena, na mahindi ndo usiseme. Na jamani MSITUMIE CHUMA. Nguzo za majina ya barabara huku zimeng'olewa zikaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kilichobaki ni shimo. Sisi tumechomeka nguzo ya mti uliopigwa oil chafu chini mchwa wasile, juu kipande cha ubao, namba kubwa kubwa za rangi nyeupe juu ya nyeusi. Halafu nenda duka la spea za magari ukanunue reflekta za stika, zile za nyekundu na nyeupe wanazobandika malori nyuma, kipande kifupi tu, zungushia nguzo. Gari likiwa mbali unaona kitu kinawaka.

Mpima Viwanja:
Habari za humu. Kuhusu swali la ruksa, namba yako ni anwani yako, kuirudia pale njia inapoanzia hakuna kosa, ila IWE ILEILE uliyopewa, usibuni ya kwako. Nimekutana na mtu kajipa namba 1 kwa sababu yeye ndo alianza kujenga pale. Ukifanya hivyo unaharibu mtiririko, kawaida upande mmoja wa barabara unakuwa witiri mwingine shufwa na zinapanda kadiri unavyoenda mbele, kwa hiyo dereva akiona 14 halafu 18 anajua ya 16 kaipita.

Na hii postikodi watu wanaipa kazi isiyo yake. Zile tarakimu tano ya kwanza ni kanda, ya pili mkoa, ya tatu wilaya, mbili za mwisho ni kata. Inaishia hapo. Mkoa wa Mbeya ni 53, ukimtajia mtu postikodi nzima umemfikisha kwenye kata yenu basi, kutoka hapo ni jina la barabara na namba ya nyumba ndo vinamaliza safari. Sasa kata ya kijijini unaijua ukubwa wake.

Kingine mkuu, pakua app ya NaPA, ile ya mfumo wa anwani za makazi, utafute nyumba yenu uone ile doti imekaa wapi. Kipindi kile kazi ilikwenda mbio, vijana wanatembea na simu, chini ya migomba minene GPS inayumba, doti inaweza kuwa imekaa kwa jirani au katikati ya barabara. Kama iko vibaya nenda kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, wao wanaingia kwenye mfumo. Nyumba mpya zilizojengwa baada ya 2022 nazo hivyohivyo, zisisubiri operesheni nyingine.

Mchuma Zabibu:
Niko Australia huku mashambani nawasoma. Huku nyumba ya shamba inapewa namba kwa umbali, wanapima toka barabara inapoanzia mpaka geti lako, wanagawanya kwa mita kumi. Ukisikia namba 1530 zidisha kwa kumi, ni mita 15,300, dereva anarudisha kilometa za dashibodi sifuri pale barabara inapoanzia, anaendesha kilometa 15 na pointi tatu anajua geti liko pale. Witiri kushoto shufwa kulia. Halafu mtu akijenga katikati ya nyumba mbili hakuna ugomvi wa namba maana nafasi ipo tayari. Na namba inakaa getini barabarani, kwenye nyumba hata hawahangaiki nayo, nyumba yenyewe huioni toka barabarani. Kwa vijiji vyetu nyumba zilivyotawanyika nadhani ingetufaa kuliko kuhesabu moja mbili tatu, lakini ndo zishagawiwa.

kibajaji_moto:
Sawa mmeniweza, ila zimamoto je? Hata uweke taa za disko kwenye kinjia, 114 wanatokea wilayani, wakifika nyumba ishakuwa majivu. Tusidanganyane.

Suka wa Kata:
Hapo sikukatalii sana, nyumba ikishika moto mbali na kituo majirani na ndoo ndo wanaokoa. Lakini dharura za kijijini ni moto peke yake? Nyoka, uchungu, mtoto kamwagikiwa uji, mzee presha. Hizo dakika kumi na tano za kuzungukazunguka zina maana kubwa.

Na kabla sijasahau, kibao kisiwafanye mkae ndani. Mkishapiga simu mtu mmoja atoke asimame barabarani na tochi, abaki HAPO, sio aje kuangalia mgonjwa halafu arudi. Simu ya aliyepiga isitumike kupigia ndugu wa Dar kuwapa taarifa, nimeshakuta namba "inatumika" nikiwa nimesimama njia panda.

Kijana wa Migombani:
Asanteni sana wakuu. Nimeangalia NaPA, doti kweli iko kwa jirani 🤦🏾 kesho namtafuta mtendaji. Nimeandika pia kikaratasi cha maelezo, kijiji, kitongoji, barabara, namba, "kutokea lami ni baada ya daraja, kutokea shuleni ni kabla ya daraja", nakipiga picha watu wa nyumbani wakibandike ukutani karibu na wanapochajia simu maana shangazi akipaniki hakumbuki kitu. Swali la mwisho, kinjia chetu kinatumiwa na nyumba tatu, kibao cha barabarani niandike namba yetu peke yake au zote?

Mpima Viwanja:
Zote tatu, moja chini ya nyingine, na mshale. Kile cha pili cha kwenye mchepuko ndo kiwe na yenu tu. Ongea na hao majirani mchange, ukiweka ya kwenu peke yako kuna mtu ataking'oa.

Bibi wa Parachichi:
Na uache nafasi chini, kuna wa nne atajenga tu.